Uji wa Boga, Oti na Viungo kwa Asubuhi za Kipupwe

SWALI: Mwandishi wa safu ya jikoni, salaam. Mwanangu anayesoma Marekani alinitumia maelezo ya kifungua kinywa kinachopendwa kule majani ya miti yanapoanza kupukutika, yaani oti iliyopikwa kwa boga la kopo, maziwa na unga wa viungo unaouzwa ukiwa umechanganywa tayari. Nilijaribu mwezi wa Juni kwa boga la kuchemsha, nikapata uji wa majimaji unaonuka boga bichi, na karafuu ikanitia ganzi ulimini. Nilikosea wapi? Je, ninaweza kutumia unga wa uwele, maana oti ni ghali?
Mama wa Ipagala, Dodoma

JIBU: Shikamoo mama. Kosa la kwanza lilitokea kabla hata sufuria ya uji haijakaa jikoni, pale ulipolichemsha boga. Takribani asilimia 90 ya boga ni maji, na vipande vyake vikizamishwa katika maji yanayochemka hunywa mengine zaidi, huku utamu wake ukibaki katika maji unayoyamwaga. Boga la kopo ni zito kwa sababu limekwisha kupikwa, kupondwa na kupunguzwa maji, na aghalabu si lile boga la rangi ya chungwa ambalo Wamarekani hulichonga sura ya mtu mwezi wa Oktoba, bali ni aina yenye ganda la kahawia hafifu na nyama nzito. Kwa hiyo ukienda Soko la Majengo usivutwe na rangi ya nje. Chagua boga ambalo ukilinyanyua ni zito kuliko ulivyolidhania, lenye kikonyo kilichokauka na ganda ambalo ukucha haulitoboi. Kama linauzwa kwa vipande, tafuta nyama iliyokolea rangi.

Hapo tuna nafuu ambayo watu wa Marekani hawana. Wao huvuna mwezi wa Septemba na Oktoba, baridi ikiwa inabisha hodi. Mvua zetu hukoma karibu na Aprili, na boga lililovunwa wakati huo likahifadhiwa mahali pakavu huwa limekwisha kukaa miezi miwili upepo wa Juni na Julai unapoanza kutufungia madirisha. Katika kukaa huko, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari. Chakula hiki kina msimu wake hapa Dodoma, ila hauko katika mwezi aliokuandikia mwanao.

Likate boga vipande vikubwa, toa mbegu, ganda liache. Vipange katika sufuria nene, ganda likiwa chini, tia maji ya kufunika kitako tu, kisha funika vizuri na uache kwa moto mdogo kwa muda wa nusu saa. Kikombe kimoja na nusu cha nyama yake kinatosha watu wanne. Ikwangue kwa kijiko, iponde kwa mwiko, halafu uirudishe katika sufuria kavu pamoja na kijiko cha samli na viungo vyote, ukikoroga mpaka mwiko ukipita uache njia isiyofunga mara moja. Hatua hii wengi huiruka kwa haraka za asubuhi, nami naiona kuwa ndiyo mapishi yenyewe, kwa sababu ndipo maji yanapokauka, ile harufu ya ubichi inapoondoka na viungo vinapotoa manukato yake katika mafuta. Ukipenda, ifanye jioni.

Kuhusu viungo, tumia kijiko kidogo kimoja cha mdalasini, nusu kijiko cha tangawizi ya unga, kungumanga ya kukwaruza kidogo tu, na karafuu mbili zilizotwangwa. Nasema karafuu mbili, si kijiko, kwa kuwa mafuta yake ndiyo yaliyokutia ganzi, na ni hayo hayo yaliyotumika tangu zamani kutuliza jino linalouma. Mchanganyiko wa Marekani huwa pia na tunda dogo lililokaushwa kutoka visiwa vya Karibiani, lenye harufu inayofanana na mdalasini, karafuu na kungumanga kwa pamoja. Ukiwa na hivyo vitatu hulihitaji. Hiliki haimo katika mchanganyiko wao. Mimi huitia, wala siombi radhi.

Sasa mimina vikombe viwili vya maji na viwili vya maziwa juu ya boga, tia chumvi kidogo, na vikianza kuchemka ongeza vikombe viwili vya oti, ambayo madukani wengine huiita shayiri ingawa shayiri hasa ni nafaka nyingine. Dakika tano hadi saba zinatosha. Malizia kwa asali na karanga zilizokaangwa na kuvunjwavunjwa.

Uwele unafaa, na kwa kweli ladha yake nzito husimama na boga vizuri kuliko oti, lakini utapata uji laini usio na cha kutafuna. Koroga kikombe kimoja cha unga kwa maji baridi, umimine katika maji yanayochemka ili jumla ya maji iwe vikombe vitano, upike kwa dakika 20, ndipo utie boga na maziwa. Saga kidogo kidogo, kwa sababu unga wa uwele una mafuta na ukikaa huwa mchungu. Uchungu huo hauondolewi na asali wala mdalasini.

SWALI: Nilitia unga wa ubuyu katika uji wa boga wenye maziwa, maziwa yakakatika. Nifanyeje?
Msomaji wa Kongwa

JIBU: Ubuyu ni mchachu, na uchachu ukikutana na maziwa ya moto huyagandisha. Ukoroge kwanza na asali, kisha uudondoshe juu ya uji ukiwa tayari katika bakuli. Njia nyingine ni kuacha maziwa kabisa na kutumia karanga zilizosagwa. Kongwa hazikosekani, ingawa Waingereza walihangaika kuzilima huko katika mradi mkubwa kuanzia 1947 na kufikia 1951 wakawa wameshindwa.

SWALI: Mtoto wangu ana miezi minane. Ninaweza kumpa uji huu?
Mama wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Mpe boga na oti iliyolainika vizuri, pamoja na mdalasini kidogo sana. Karanga nzima au zilizovunjwa usimpe, kwa kuwa zinaweza kumpalia, na asali isubiri mpaka atimize mwaka mmoja, hata kama ni kijiko kimoja na hata kama imechemka ndani ya uji.