Anko, kijijini kwetu hakuna PokéStop hata moja, nifanyeje?

*Anko shikamoo. Mimi ni mwalimu, nimepangiwa shule moja ya kijijini huku wilaya ya Bahi. Nikiwa chuo pale UDOM nilikuwa nacheza Pokémon GO, ile gemu ya simu ya kutembea ukikamata viumbe, kila jioni na wenzangu, sasa huku nikifungua gemu naona ramani tupu, hakuna PokéStop, vile vituo vya kuchukulia mipira ya kukamatia, wala jimu za kupigania, mipira ikiisha ndo basi tena mpaka nipande gari niende Dodoma mjini mwisho wa mwezi. Levo ya kupendekeza vituo ninayo tayari. Nimetuma vitu vitatu: mbuyu mkubwa ambao kila mtu anaujua, shule yetu, na mnara wa simu. Vyote wamevipiga chini. Kwani hawa watu hawataki sisi wa vijijini tucheze?*
— Mwalimu, Bahi

Marahaba mwalimu, na pole na jua la huko.

Kwanza ujue vile vituo vya mjini vimetoka wapi. Niantic, kampuni iliyotengeneza Pokémon GO, walianza na gemu inaitwa Ingress mwaka 2012, wachezaji wenyewe ndo walikuwa wanapiga picha sanamu, makanisa, michoro ya ukutani, wanatuma, vinakuwa portali, yaani vituo vya gemu hiyo, halafu Pokémon GO ilivyotoka Julai 2016 ikaanza na data hiyohiyo. Kwa hiyo palipokuwa na wacheza Ingress wengi pakajaa vituo, na pale ambapo hakuna aliyekuwa anacheza pakabaki peupe, na Ugogo si unajua wenyewe. Mwaka 2025 Pokémon GO iliuzwa kwa kampuni ya Scopely, Ingress ikabaki kwa kampuni ya Niantic Spatial, ila kupendekeza vituo vya Pokémon GO bado kunapitia tovuti ya Wayfarer: wewe unatuma, wachezaji wenzako wanakaa wanakagua, wanapiga kura. Anayekukagua anaweza kuwa mtu hajawahi hata kusikia jina Bahi. Huyo ndo unayemwandikia, mshike kichwani muda wote.

Wanachotafuta ni kimoja kati ya vitatu: sehemu nzuri ya kwenda kuona kitu, sehemu ya mazoezi, au sehemu ambayo watu wanakutana. Juu ya hapo kitu kiwe cha kudumu, kiwe kinatambulika, na mtu wa miguu afike bila kuhatarisha maisha.

Sasa vitu vyako. Shule imekufa kabla hata hujaituma, maana shule zote za watoto, kuanzia awali mpaka sekondari, hazikubaliki, ni kwa usalama wa watoto na sitaki kusikia unabishana nao hapo. Na uwanja wa mpira ukiwa ndani ya eneo la shule nao umekwenda na maji. Chuo kikuu hakina tatizo hilo, ndo maana UDOM ulikuwa unaona raha. Mnara wa simu ni mnara wa simu, iko maelfu inafanana, hakuna mtu anasafiri kwenda kuuangalia. Mbuyu ndo umeniuma, maana najua mbuyu wa Ugogo unaweza kuwa ndo mahakama, ndo kijiwe, ndo kituo cha daladala, lakini kwa mkaguzi aliyeko Japani ni mti, na kitu cha asili kikiwa peke yake kinapigwa chini mara nyingi. Kinachouokoa ni kitu kilichotengenezwa na binadamu hapohapo, yaani kibao cha kudumu chenye jina au historia. Kama chini ya mbuyu kuna mabenchi ya zege na wazee wanacheza bao kila jioni, basi acha kupendekeza mti, pendekeza hicho kijiwe.

Haya, tembea kijijini kwako kama mgeni. Anza na nyumba za ibada, hizo ndo rahisi kuliko zote: Anglikana, Katoliki, Lutheri, msikiti, hata kama ni jengo la tofali za kuchoma na bati, ni sehemu ya watu kukutana na huwa lina jina. Kama kanisa lina jengo la zamani na jipya, angalia lipi bado linatumika. Kisha nenda stesheni. Upande wenu reli ya kati ya zamani inapita, Kigwe, Bahi, Kintinku, mpaka Saranda huko, reli ya Mjerumani iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora 1912, na stesheni ni kitu ambacho mkaguzi yeyote duniani anakielewa bila kuelezwa mara mbili. Weka pini kwenye jengo au kwenye bango la jina, usiweke relini, ukiweka relini wanakukataa na wana haki.

Uwanja wa mpira wa kijiji ambao si wa shule unafaa, hata kama magoli ni ya miti, ila hapa kuna kazi kidogo. Picha ya uwanja wa vumbi bila watu inaonekana kama shamba lililovunwa. Piga picha ukiwa nyuma ya goli, goli lionekane kubwa, na uwanja wote nyuma yake. Soko na mnada navyo vipo: kama mnada ni wa siku moja kwa wiki na sehemu yenyewe ni uwanja mtupu siku nyingine, utahangaika, lakini kama kuna vizimba, geti, mabanda ya kudumu na bango la kijiji, hapo una kitu. Ofisi ya kijiji inategemea, ikiwa peke yake imelala, ikiwa na ukumbi wa mikutano au baraza la watu kukaa inasimama vizuri. Zahanati achana nayo, sehemu za dharura hawataki watu wajazane wakisaka vidoli.

Halafu kuna kitu watu wanakisahau, mawe ya msingi na vibao vya Mwenge wa Uhuru. Nchi hii kila mradi Mwenge ukipita unaachiwa kibao. Kikiwa kwenye darasa hakikusaidii kitu, kikiwa kwenye mradi wa maji au daraja au ukumbi basi ni maandishi ya kudumu yenye tarehe na tukio, na hayo ndo wanayoyapenda. Sisemi kila kibao kitapita. Mimi ningeanza na kanisa na stesheni, hivyo viwili vikipita hata mkaguzi wa pini zako zinazofuata anaona kijiji kipo kweli.

Sasa picha, hapo ndo watu wa vijijini tunapofia. Gemu inakutaka picha mbili, moja ya kitu chenyewe na nyingine ya mazingira yake. Mtu wa mjini anaweza kutuma ile ya pili hovyo akapita, maana mkaguzi anafungua Street View anaona jengo lipo. Kijijini kwako hakuna Street View, na picha ya satelaiti inawezekana ni ya zamani, kanisa bado halijajengwa, au ni bati tu linang'aa. Kwa hiyo picha ya pili ndo shahidi wako pekee. Rudi nyuma hatua nyingi, kanisa lionekane, barabara ionekane, na kitu kingine kikubwa ambacho kwenye satelaiti kinaonekana, tanki la maji, njia panda, paa refu la jirani. Kwenye maelezo ya ziada sema wazi: jengo lina paa la bluu, liko mita kadhaa kaskazini ya njia panda, kwenye satelaiti utaona mti mkubwa kushoto kwake. Kama simu yako inaweza kupiga picha ya mzunguko mzima, ipakie Google Maps mahali hapohapo, inawasaidia sana kuhakiki.

Picha iwe yako. Usichukue ya mtandaoni, usiweke skrini shoti, nyuso za watu zisionekane, namba za magari zisionekane, kidole chako kisionekane. Na jina liwe jina halisi, si "Sehemu poa sana" wala "Kanisa letu". Maelezo andika Kiswahili kizuri tu, mistari miwili inatosha, kwa mfano: "Stesheni ya reli ya kati. Abiria na wafanyabiashara wa mpunga hukutana hapa treni ikifika." Ukiandika "naomba mkubali huku hatuna PokéStop" unampa sababu ya kukukataa, kukosa vituo hakukifanyi kitu kiwe na sifa.

Mtandao ukisumbua usilazimishe kutuma ukiwa hapohapo, ipo sehemu ya kupakia baadaye, piga picha zako, weka pini, ukifika penye 4G au ukinunua bando unatuma. Na wakati unasubiri, ingia Wayfarer ukague za wenzako. Ukikagua vizuri unapata nafasi ya kuharakisha za kwako, na pia utaona kwa macho yako jinsi picha mbaya inavyoua kitu kizuri.

*Anko habari za kazi. Niko Kondoa, upande wa Kolo. Milimani huku kuna michoro ya kale kibao, mingine ina mabango, mingine iko porini tunaijua sisi wenyeji tu, na pango moja wazee wanaenda kuomba mvua. Nacheza Ingress. Naweza kuiweka yote iwe portali?*
— Mrangi wa Kolo

Yote hapana.

Ile yenye bango, njia na waongozaji inafaa kabisa, michoro ya Kondoa iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, ukikataliwa hiyo nishtue. Angalia kwanza kwenye ramani kama haijawekwa tayari, halafu pini iweke penye bango mwanzo wa njia.

Ya porini iache ilipo. Wewe mwenyewe unajua watu wanaamini michoro ile ni alama za rupia alizofukia Mjerumani, wanakuja usiku na sururu wanachimba chini ya miamba, na wameshaharibu sehemu ambazo hazirudishiki. Portali ni pointi kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua akapata njia mpaka mlangoni. Hutaki kuwa wewe uliyewachorea wachimbaji ramani. Na pango la mvua, kawaulize wazee, wakisema hapana imeisha hiyo, hakuna kukata rufaa. Jambo lingine, ukipiga picha usimwagie maji mchoro ili rangi ikolee, kuna watu wana tabia hiyo na ndo inaufuta.

*Anko, nimependekeza vitu viwili hapa Kibaigwa, geti la soko la mahindi na msikiti uliopo jirani, vyote nimepata ujumbe vimekubaliwa. Sasa mbona kwenye Pokémon GO naona kimoja tu? Nimeibiwa?*
— Dogo wa Kibaigwa

Hujaibiwa dogo. Ramani ya gemu imekatwa vimraba, na kwenye Pokémon GO kila kimraba kidogo kinabeba kituo kimoja tu, vikiangukia viwili humohumo kimoja kinabaki nje. Usianze kusogeza pini kwa hila, wakigundua unajiharibia. Cha kufanya, tafuta vitu vingine mbali kidogo na hapo, kwa sababu mraba mkubwa ukifikisha vituo viwili kimoja kinageuka jimu, vikifika sita unapata la pili. Kibaigwa ina watu na malori usiku na mchana, hukosi cha kupendekeza.

*Anko nina wazo. Nikichonga kibao changu mwenyewe niandike "Mbuyu wa Kihistoria", nikapigilie kwenye mbuyu ulioko uani kwangu, si itakubalika? Nipo Mpwapwa vijijini.*
— Fundi Seremala

Fundi, uani kwako ni makazi ya mtu binafsi, hata ukichonga kibao cha dhahabu hakipiti, na kibao cha jana kilichoandikwa na anayetuma ombi wakaguzi wanakijua kwa harufu.

Ila ufundi wako unatakiwa. Kama kuna mbuyu wa kijiji, wa mikutano, ulio sehemu ya wazi, nenda kwa mwenyekiti, mwambie wakauzungumze kwenye mkutano wa kijiji, wazee watoe jina na historia wanayokubaliana, kijiji kiweke kibao chake na mabenchi mawili. Usipigilie misumari kwenye mti, simika nguzo kwenye zege pembeni. Kazi hiyo wakulipe, na zege likishakauka ndo upige picha.