Nilivyoacha kununua dagaa wachanga

Nina mwaka wa tisa nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, na kiukweli miaka ya mwanzo nilikuwa nalaumu wavuvi tu, eti wao ndo wanamaliza ziwa, wakati mie mwenyewe asubuhi nagombania beseni la dagaa wachanga kisa bei iko chini.

Siku moja nikabeba ndoo nne za hao wachanga. Ukiwachota wananata vidoleni, wembamba kama punje za mchele, ukiangalia juani unaona mpaka utumbo. Nikaanika, kesho yake kuja kukusanya hata ndoo moja haijai, ni maji matupu yale hayana nyama, hela yangu imeishia mchangani. Nikamfuata mvuvi kwa hasira, akacheka, "Dada, wewe ukiacha kununua na mie ntabadilisha wavu." Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwetu sisi wanunuzi: tia mkono mpaka chini ya beseni kabla hujatoa hela, maana juu wanapanga wakubwa. Ukikuta wachanga, acha. Watakusema wiki mbili tatu, wataona unamaanisha.

Watu wanasema Tanganyika haiwezi kuisha, kina chake si karibu mita 1,470? Ni kweli, ila huko chini hakuna hewa, samaki wanaishi tabaka la juu tu, na migebuka chakula chake ni hao hao dagaa, sasa tukimaliza dagaa migebuka atakula nini?

La pili, anika kwenye chanja, ile meza ya miti iliyoinuka juu ya mchanga. Mchangani mvua ikija ghafla umeisha, unatupa mzigo mzima halafu unarudi kununua mwingine, yaani samaki wamekufa mara mbili kwa pato moja. Za kwangu nilitengeneza kwa miti na nyavu kuukuu, ambazo zamani tulikuwa tunazitupa majini zinaendelea kunasa samaki bila mwenyewe. Na wenye injini jamani, oili chafu wekeni kwenye dumu, maji hayo hayo ndo tunachota ya kupikia.

La tatu ni akiba. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, uvuvi ukasimama ili samaki wazaliane, mie nilikuwa sina hata mia, nikauza cherehani, na nilinung'unika sana tu, sifichi. Lakini lilipofunguliwa mzigo wangu wa kwanza walikuwa dagaa wa maana, wamejaa nyama. Tangu hapo kila giza likiisha, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa wanavuliwa, mbalamwezi ikianza na mitumbwi imepumzika, naweka kitu kwenye kikundi chetu cha kina mama kabla sijagusa matumizi mengine.

Giza lijalo linaanza wiki hii na chanja yangu moja imeliwa na mchwa, ngoja nikatafute miti.