Maswali Yenu ya Safari: Ureno, mishumaa ya Fátima na dhahabu ya Kilwa

SWALI: Mwanangu habari za kazi. Mimi ni mama wa hapa Moshi, Kiboriloni. Mwezi wa sita mimi na baba watoto tunatimiza miaka 30 ya ndoa, watoto wamejichanga wanatupeleka Ureno siku nane. Mzee anataka Fátima tu, kule kwenye hija ya Mama Maria, hasikii kingine. Mimi nataka nikae baharini nile samaki, kwani dhambi? Tupange vipi tusije tukarudi na picha za kanisa peke yake?

JIBU: Shikamoo mama, hongereni sana, miaka 30 sio mchezo. Dhambi hamna, na kwa bahati hiyo nchi inawatosha wote wawili.

Anzeni na Lisbon siku tatu hivi. Ndege ya moja kwa moja kutoka KIA hamna, mtabadilisha njiani na mtafika hoi. Mji wenyewe ni vilima tupu, halafu mitaa imetandikwa vijiwe vyeupe vinavyoteleza, kwa hiyo vile viatu vya jumapili viache nyumbani, vaa raba. Tramu ya njano namba 28 inapanda hivyo vilima, tamu sana ila inajaa kama daladala ya jioni na vibaka wameshaizoea, pochi iwe mbele.

Kama tarehe zinasogezeka, muwepo usiku wa kuamkia Juni 13. Ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni, yule yule tunayemwita wa Padua, kumbe kazaliwa Lisbon. Mtaa wa Alfama unajaa watu na majiko ya mkaa, moshi kila kona, dagaa wakubwa wanaitwa sardinha wanachomwa wazima wanawekwa juu ya kipande cha mkate, mafuta yote yananyonywa na mkate, ukimaliza samaki unakula na sahani yako. Hapo wewe na mzee mmepata wote, ni ibada na ni samaki.

Sasa kitu kimoja nakuomba usikiruke. Kuna makumbusho inaitwa Museu Nacional de Arte Antiga, ndani yake kuna monstransi, kile chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ya dhahabu, iliyokamilika mwaka 1506. Dhahabu yake imetoka Kilwa, Kilwa yetu hii ya Lindi. Vasco da Gama kwenye safari yake ya pili, 1502, alimbana sultani wa Kilwa atoe kodi, akarudi nayo 1503, mfalme Manuel akaamuru itengenezwe hiyo. Mimi nilisimama kwenye kioo nikawahesabu mitume wadogo wamepiga magoti, kumi na wawili kamili, rangi za nguo zao bado zipo. Wenzangu wakipita wanaona kazi ya sonara, mimi naona Kilwa na wala sikujua nipige ishara ya msalaba au ninune, nikafanya vyote. Vasco mwenyewe kazikwa hapo hapo Lisbon, mtaa wa Belém, monasteri ya Jerónimos, na jirani hapo kuna duka linaloka vikeki vya mayai tangu 1837, kula vya moto.

Fátima iko kama kilomita 130 kaskazini, nendeni kwa basi. Msidanganyike na treni, stesheni yenye jina la Fátima iko mbali na patakatifu, kama kilomita 20. Laleni usiku mmoja, maana mzee anachokitaka ni yale maandamano ya mishumaa usiku, mchana ni uwanja mpana na jua kali tu. Ndipo wale watoto watatu wachungaji walipotokewa na Mama Maria mwaka 1917, utaona watu wanatembea kwa magoti.

Siku zilizobaki ni zako mama, shukeni kusini mkoa wa Algarve, miji ya Lagos (sio ile ya Nigeria) au Faro, miamba ya rangi ya dhahabu na mapango ya bahari. Ila maji ya Atlantiki ni baridi, usitegemee Pangani. Hotelini wakikuletea mkate, zeituni na jibini hujaagiza, sio nyongeza hiyo, ukila unalipa. Na wakitaja mesa usishangae, meza yetu tumeitoa kwao, na leso, na bendera.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi yanaingia angalau siku 15 kabla. Msisubiri siku 15 lakini, ombeni mapema.

SWALI: Mkuu, mi naongoza watalii mlimani, niko Sakina Arusha. Wageni wangu Wareno wananialika Agosti, wanasema kwao Nazaré mawimbi yanafika urefu wa ghorofa. Kamba?

JIBU: Sio kamba. Chini ya bahari pale kuna korongo refu linalokuja mpaka karibu na ufukwe, mawimbi yakipita juu yake yanasukumwa yanapanda. Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza kwenye wimbi la mita 26.21, ikawa rekodi ya dunia. Ila hayo ni ya miezi ya baridi, Oktoba mpaka Machi. Agosti utakuta watoto wanajenga majumba ya mchanga, waombe wageni wako wakusogezee tarehe na ubebe lile koti la Kibo.