Paka Mzee Si Paka Aliyekwisha: Namna ya Kumchukua na Kumlea

Watu wakitafuta paka wa kufuga, karibu wote huomba kitoto. Paka wa miaka 10, 12 au 14 hubaki pale alipo, na mara nyingi hapo si pazuri: mwenyewe amefariki na warithi hawamtaki, familia imehamia fleti isiyoruhusu wanyama, au mgeni amemaliza mkataba wake wa kazi Nairobi au Dar es Salaam na kurudi kwao bila yeye. Paka aliyelelewa ndani miaka yote hiyo hajui kugombania mabaki jaani na mapaka shume. Akitolewa nje, hadumu.

Kumchukua ni wema, lakini mchukuaji naye hupata. Kitoto hujui kitakuwa paka wa namna gani. Mzee tabia yake imeshakaa: utaambiwa siku ya kwanza kama anapenda kupakatwa, kama anavumilia watoto, kama akiona paka mwingine huvimba mkia. Choo anakijua. Hapandi mapazia wala hakuchezei vidole vya miguu saa tisa usiku. Sehemu kubwa ya siku hulala, kwa hiyo anamfaa mtu anayetoka kazini jioni akiwa amechoka, anamfaa mstaafu, anamfaa mkaaji wa chumba na sebule. Na akishakuzoea, hukufuata chumba hadi chumba, hujua saa yako ya kurudi, hukaa pembeni yako bila kudai kitu. Utulivu huo kitoto hakiwezi kukupa.

Ukienda kumchukua, uliza mambo haya na uyaandike: anakula nini na mara ngapi, choo chake kina mchanga au maranda, chanjo ya mwisho ya kichaa cha mbwa ilikuwa lini, anatumia dawa gani, anaogopa nini. Omba kadi yake ya chanjo. Omba pia kitambaa au mto anaolalia, na usiufue. Harufu yake ndiyo itakayomtuliza kwako. Nairobi, KSPCA, shirika la kutetea na kutunza wanyama, hupokea paka na kuwatafutia nyumba. Waulize waziwazi kama wana wazee, kwa sababu watu wengi wanaokwenda huko huomba vitoto. Umri usipojulikana, daktari wa mifugo hukadiria kwa meno, kwa ukungu wa rangi ya buluu ndani ya mboni, na kwa madoa ya kahawia yanayojitokeza kwenye duara la rangi la jicho.

Siku za mwanzo mpe chumba kimoja tu, wiki moja hadi mbili. Weka choo kona moja, chakula na maji kona ya mbali, na katoni iliyolazwa ubavu ajifiche. Usimtoe kwa nguvu. Siku ya kwanza anaweza kukataa kula. Pasha chakula kidogo kifikie uvuguvugu wa mwili, harufu ipande, kwani pua ya mzee imepungua makali. Akifikisha saa 24 bila kula chochote, mpigie daktari; siku ya pili isipite. Paka asiyekula, hasa mnene, mwili wake huhamishia mafuta kwenye ini hadi ini linashindwa kufanya kazi, na hilo humuua hata kama kilichomnyima hamu ya kula kilikuwa huzuni tu. Kwa sababu hiyohiyo usimbadilishie chakula wiki ya kwanza. Baadaye changanya robo ya kipya na robo tatu za cha zamani, ongeza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Chakula ndipo nyumba zetu nyingi zinapokosea. Mabaki ya mchuzi yana kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kitunguu saumu ni kibaya zaidi. Ugali na wali hujaza tumbo lakini havimpi protini wala taurini anayohitaji kwa moyo na macho. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maini kila siku hulimbikiza vitamini A hadi mifupa ya shingo inagandamana. Dagaa wakavu ni sawa kama kionjo, mradi waroweshwe, maji ya chumvi yamwagwe, kisha wachemshwe. Kilicho bora kwa mzee ni chakula kamili cha paka cha majimaji, cha kopo au pakiti, ambacho robo tatu yake au zaidi ni maji. Chakula kikavu cha punje kina karibu asilimia 10 tu ya maji. Bei ikiwa kikwazo, mpe punje kama msingi na uongeze kuku wa kuchemsha bila viungo na supu yake. Gawanya katika milo midogo mitatu au minne. Na usimpunguzie nyama kwa sababu tu ni mzee. Mzee hupoteza misuli upesi. Protini hupunguzwa pale daktari alipokwisha kupima figo na kusema hivyo.

Maji yawe sehemu kadhaa, mbali na choo, kwenye mabakuli mapana yasiyobana masharubu. Kumwekea paka maji safi ni adabu ya zamani pwani. Imepokewa kwamba sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo chake cha maji ya udhu anywe, akaeleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaozunguka kwenu.

Sasa jambo kubwa kuliko yote. Mtu akiona paka mzee amekonda, haruki tena, analia usiku, husema "ni uzee". Uzee hauleti hayo peke yake. Karibu kila mara kuna ugonjwa au maumivu, na mengi yana dawa. Anakula sana lakini anakonda, hatulii: pengine ni tezi ya shingo, thairoidi, na kuna vidonge vyake. Anakunywa sana na kukojoa mabonge makubwa mchangani: figo au kisukari. Kwa kipimo, paka wa kilo 4 huhitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, pamoja na yaliyomo ndani ya chakula. Akivuka 400 kuna tatizo. Haruki dirishani, anashuka kwa kusitasita, manyoya ya mgongoni yamesokotana: viungo vinamuuma. Anaangusha chakula mdomoni na pumzi inanuka: meno. Mboni zimetanuka ghafla na anagonga viti: shinikizo la damu, mpeleke siku hiyohiyo.

Ili usidanganywe na macho, mpime uzito kila baada ya wiki mbili. Jipime umembeba, kisha jipime peke yako, toa. Au mweke kwenye beseni juu ya mizani ya dijitali, ambayo ni sahihi zaidi. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 200 amepoteza asilimia 5 ya mwili wake, na kwa mkono hutatambua. Daktari amwone mara mbili kwa mwaka: damu, mkojo, shinikizo, meno.

Dawa za binadamu usiziguse. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua, maana ini la paka haliwezi kuiondoa sumu yake. Diklofenaki na ibuprofeni huua figo. Dawa za kupe za ng'ombe, na matone ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, humtia degedege. Ukipewa dawa zake halisi, ficha kidonge ndani ya tonge la samaki, kisha mpe mililita 5 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, polepole, pembeni ya mdomo, kisinase kooni na kumchubua.

Nyumba inahitaji marekebisho madogo. Ukingo wa choo usizidi sentimita 10 upande wa kuingilia. Beseni la plastiki lililokatwa upande mmoja linatosha. Mzee anayejisaidia nje ya choo mara nyingi ni kwa sababu kuingia kunamuuma. Weka kigoda cha sentimita 20 hivi mbele ya kochi. Tandika mkeka juu ya vigae vinavyoteleza. Nairobi na Arusha, Juni hadi Agosti, mwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo.

Kucha zake huwa nene na kujikunja hadi zikatoboa nyayo. Kata ncha nyeupe tu kila wiki mbili au tatu, usifike kwenye nyama ya waridi. Mchane dakika tano kila siku, kwani hafiki tena mgongoni mwake. Wengi hujifunza kuzisubiri dakika hizo, na hapo ndipo utakapogundua mapema uvimbe au mfupa uliojitokeza.

Jambo la mwisho lifanye wiki ileile anapoingia. Andika karatasi moja: jina lake, chakula, dawa na vipimo, namba ya daktari, na jina la mtu aliyekubali kumchukua ukihama, ukilazwa au ukifariki. Mwambie mtu huyo mwenyewe, na umpe nakala.