Jibu: Safari ya pikipiki hadi Mbeya na mbwa anayeugua
Ndugu, umeuliza kama uahirishe safari yako ya pikipiki kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, kwa kuwa mbwa wako yuko katikati ya dozi ya doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) ya ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kwa maoni yangu, iahirishe. Dozi hiyo kwa kawaida huchukua takriban siku 28, na mbwa huchangamka mapema, jambo linalowafanya wengi waiache kabla vimelea havijaisha mwilini. Nawe, ukishaupanda mlima Kitonga, ule mpando mkali wa barabara hiyo mkoani Iringa, nyuma ya malori, hutaweza kurudi nyumbani upesi akizidiwa.

Ikiwa tarehe haibadiliki, mwachie mtu ambaye mbwa amemzoea, umwelekeze kwa vitendo kabla hujaondoka: kidonge kitolewe pamoja na chakula na maji, kwani kikikwama kooni huchubua umio; na kila asubuhi ainue mdomo wa juu atazame fizi, maana zikipauka huenda damu imepungua, na hapo daktari wa mifugo apigiwe simu siku hiyohiyo bila kungoja ruhusa yako. Acha na fedha za matibabu. Kumpakia mbwa kwenye pikipiki akiwa na homa, juani, tafadhali usithubutu.