Watoto kumchagulia mdogo wao jina: yaliyotukuta sisi

Dada, umeuliza kama ni sawa watoto wako wa miaka tisa na mitano wamchagulie mdogo wao jina, na mama mkwe keshasema jina ni kazi ya wakubwa. Mimba ya miezi saba, bado una muda. Mimi nimeolewa Tanga na mzozo huo ulipita ndani kwangu, kwa hiyo nakuandikia kwa urefu kidogo, utanivumilia.

Waruhusu, ila si sasa hivi. Subiri ujifungue.

Mwaka 2018 nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mkubwa wangu, wakati ule ana miaka sita, alikuwa ameshalipatia tumbo jina. Akitoka shule analiamkia, anabakiza kipande cha andazi, "hiki cha fulani." Tukaona raha, tukamwacha. Mimba ikatoka. Mimi watu walikuja wakanipa pole, wakanipikia uji. Yeye alikuwa amepoteza mtu anayemjua kwa jina, na hakuna aliyekumbuka kumpa pole. Ilichukua miezi, kila mara ananivizia jikoni, "Mama, sasa fulani atakuja lini?" Zamani nikisikia bibi zetu hawataki jina litajwe kabla ya siku ya saba nilikuwa nasema ni mambo ya kizamani tu. Siku hizi sisemi.

Basi mimba iliyofuata nikapiga marufuku: hakuna jina mpaka mtoto alie. Mtoto akalia Machi 2020, wa kiume, kilo nne na ushee. Jioni ile ile, mimi na mtoto bado tuko hospitali, baba yao akakosea, akawauliza wale wawili nyumbani, "Haya, tumwite nani?" Swali la wazi namna hiyo usiliulize kamwe. Mkubwa hakufikiri hata sekunde: "Samatta!"

Kumbuka wakati wenyewe. Januari ile Mbwana Samatta alikuwa amehamia Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, nchi nzima imekuwa ya Villa. Na siku chache tu kabla sijajifungua, tarehe 1 Machi, aliwafunga Manchester City kwa kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Villa walifungwa 2-1, lakini kwa mwanangu, aliyekuwa kibanda umiza na baba yake, mechi iliishia kwenye lile goli.

Mama mkwe alivyosikia, akavua miwani. "Mjukuu wangu aitwe kwa mpira?" Na mume wangu naye, badala ya kumkatalia mtoto, akamweleza taratibu: sisi mtu anabeba jina lake, la baba yake, kisha la babu yake. Samatta ni jina la ukoo wa mwenyewe, tukimpa mdogo wako tutakuwa tumeazima ukoo wa watu. Kijana akakaa kimya, anatafuna ukucha. Kisha akauliza, "Kwani jina lake mwenyewe si Mbwana?"

Dada, nyumba ilinyamaza. Mbwana ni jina la babu mzaa baba wa mume wangu. Wajukuu wote wale, na hakuna aliyekuwa amepewa. Kila anayezaliwa tunakimbilia majina mapya mapya. Mtoto hakujua lolote la babu wa baba yake, alikuwa anatafuta mlango wa kumrudisha mchezaji wake. Baba mkwe akasema tu, "Basi limeshapita hilo." Siku ya akika, siku chache kabla nchi haijatangaziwa mgonjwa wa kwanza wa corona, mtoto akanyolewa, mbuzi akachinjwa, na jina likatajwa mbele ya watu. Kaka mtu kasimama mbele kwenye kanzu iliyombana.

Kwa hiyo mama mkwe wako mwambie hivi: watoto wanapendekeza, wakubwa wanapitisha. Ukimpelekea kwa lugha hiyo atashuka. Wewe na baba watoto kaeni kwanza, chagueni majina mawili au matatu ambayo yoyote likipita mtalala usingizi, na wazee muwe mmewasikiliza. Hayo ndiyo muwape watoto wachague. Sisi tulibahatika, usitegemee bahati yetu. Jirani yangu aliwaachia wanawe uwanja wazi, wakaleta jina la katuni, akalikataa, na wakanuna mpaka arobaini. Tena jina lisikimbizwe kwenye karatasi. Likishaingia kwenye cheti cha kuzaliwa, kulibadili ni nauli na foleni.

Huyo wako wa miaka mitano usimsahau. Wangu wa kike alikuwa na umri huo huo, na kaka yake alipopata ushindi wake yeye alilia hadi kikwifukwifu. Tukampa jina la nyumbani alichague peke yake, bila mkutano. Akamtazama mtoto juu chini akasema, "Bonge." Sasa hivi mtoto ni mwembamba kama ufito na mtaa mzima bado unamwita Bonge.

Mama mkwe yeye hatumii hata moja. Mbwana ni jina la mkwewe, na tangu aolewe hajawahi kulitamka, anaona haya. Kwa hiyo anamwita "mkwe". "Mkwe, njoo ule." "Mkwe, shuka kwenye huo mwembe." Mimi nikitaka kumgombeza natafuta maneno, maana kumfokea Mbwana mbele ya baba mkwe ni kama namfokea baba yake.

Na kaka mtu, sasa kashaota vindevu, hajaacha kudai deni lake. Juzi namsikia uani: "Jina nimekupa mimi, kaniletee maji."