Kabla hujampa mtoto tableti: kwa mwalimu anayeanza kazi

Ukikabidhiwa darasa utaonyeshwa mtoto anayesumbua na mtoto asiyeweza kusoma, na usishangae ukikuta ni yule yule mmoja. Mtazame wakati zamu za kusoma kwa sauti zinapita dawati kwa dawati. Anahesabu aya ajue yake ni ipi. Ikikaribia, penseli inaanguka, jirani anapigwa teke, au haja inambana ghafla. Ukimtoa nje, umempa alichokuwa anakitafuta.

Kwa hiyo anza na daftari. Kwa siku chache andika fujo ilianza wakati wa kazi gani, na baada yake mtoto alipata nini au alikwepa nini. Fujo nyingi zikiangukia kwenye kusoma, shughulikia kusoma kwanza. Adhabu haitamfundisha herufi hata moja.

Hapo ndipo kifaa kinapoingia. Simu na tableti nyingi zina sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti ndani ya mipangilio yake, bila gharama ya ziada. Tafuta programu inayopaka rangi neno linalosomwa, ili macho yafuatane na sikio, na upunguze kasi, maana ile inayokuja na programu mara nyingi inamkimbia mtoto. Immersive Reader, zana ya kusomea ya Microsoft, inaweza pia kukata maneno kwa silabi na kuonyesha mstari mmoja tu, jambo linalomfaa sana mtoto anayeruka mistari.

Kuna mtego mmoja hapa. Ukurasa ulioupiga picha au kuuskani ni picha tu. Programu nyingi hazioni herufi ndani yake. Kifaa kitanyamaza au kitatamka mambo ya ajabu, darasa litacheka, na mtoto wako ndiye atakayeongoza kicheko. Pitisha picha hiyo kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha uyasome mwenyewe yaliyotoka, kwa sababu namba 1 na herufi l hubadilishana sana. Ikiwa ni aya moja tu, ichape upya uokoe muda.

Sauti hiyo isikudanganye, lakini. Inamfungulia mtoto somo la sayansi au historia leo hii, ila haimfundishi kuunganisha herufi na sauti zake. Hilo bado linataka mafunzo ya hatua kwa hatua, mara kwa mara, ukiwa umekaa kando yake.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni kinasa sauti cha simu. Mtoto anakwenda pembeni, anajirekodi akisoma aya fupi, anajisikiliza, anarudia mpaka apate rekodi anayotaka uisikie. Nimemwona mmoja akijisikiliza huku kidole kikifuata mstari, akakunja uso kwenye neno alilolikosea, akaifuta kabla sijasema kitu. Masahihisho yangu mwenyewe hayajawahi kupokelewa kwa utulivu namna hiyo!

Fonti (maumbo ya herufi) maalumu za disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kutambua maneno, usizihangaikie. Utafiti haujathibitisha kwamba umbo la herufi zake linasaidia. Kuza maandishi, panua nafasi kati ya mistari, basi.

Kwa upande wa tabia, saa inayoonyesha muda uliobaki inasaidia, hasa wakati wa kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Ubao wa pointi kwenye projekta siupendi kabisa. Mtoto aliyeona alama zake zikikatwa mbele ya wenzake tangu asubuhi, kufika mapumziko hana tena cha kupoteza. Rekodi ya tabia yake ibaki kati yako na yeye, muipitie pamoja mwisho wa siku. Na usimpe mchezo kwenye tableti kila anapochachamaa, maana atajua mara moja njia ya kuupata.

Vipokea sauti vya masikioni ruhusu avitumie yeyote anayetaka kusikiliza. Vikiwa vyake peke yake ataona aibu, na vitakaa mkobani.

Mengine ni kazi ya fundi: chaji vifaa usiku, pakua masomo ili yafunguke bila intaneti, na ufungue programu kabla wanafunzi hawajaingia. Ukimwacha mtoto huyu dakika tano akisubiri kifaa kiwake, dakika hizo atajua mwenyewe cha kuzifanyia.